Kichuguu Chini ya Tuta

Mafundi wanaojenga malambo wilayani Mpanda wamempa Kabula Makoye jina la Injinia Kichuguu, ingawa hakuna anayethubutu kulitamka akiwa karibu. Akifika mahali pa kazi hakai kwenye kiti alichowekewa wala hafungui michoro. Huchukua nondo yake ndefu, akalizunguka bonde zima akichoma ardhi kila baada ya hatua mbili. Akikuta kichuguu, hata kiwe cha kufika gotini tu, kazi inasimama mpaka king'olewe, na chini yake pachimbwe tena kina cha mtu mzima. Mafundi hucheka pembeni, wakisema msomi huyu anatafuta kumbikumbi wa kukaanga. Huu ni mwaka 1999, injinia mwanamke bado ni kitu cha kushangaa, na mtu akishangaa ni lazima atafute na la kuchekea. Wangejua anachokitafuta mle chini, kicheko kingewakauka midomoni.

Alizaliwa Litapunga mwaka 1974, mvua zikiwa zimepamba moto, miezi michache baada ya wazazi wake kuingia huko na ng'ombe wao kutoka Usukumani. Siku ya kwanza walipofika, baba yake, Makoye, aliwalaza watu wake juu ya kichuguu kikubwa kama nyumba kilichokuwa kando ya korongo, maana simba walikuwa hawajazoea wageni. Mama yake Makoye alikuwa ametoka njiani mgonjwa. Alifariki hata kibanda cha kwanza hakijaezekwa, wakamzika palepale, chini ya kichuguu. Mtoto alipozaliwa akapewa jina la marehemu, na tangu siku hiyo Makoye hakuwahi kumwita binti yake kwa jina. Alimwita mayu, yaani mama. Akimtuma maji ya kunywa alimtuma kwa heshima, na akimgombeza alimgombeza kwa kubembeleza.

Mtoto wa namna hiyo angeweza kuharibika, lakini Kabula alitoka na kichwa chepesi cha hesabu. Mara mbili watu walikuja kuzungumzia mahari, ng'ombe wa kutosha kujaza zizi, na mara mbili Makoye aliwajibu kwamba hajasikia bado mtu akimwoza mama yake. Wageni walicheka, wakadhani ni utani wa kupandisha bei. Haukuwa utani. Aliuza maksai wawili, binti akaenda sekondari ya bweni, na mwaka 1994 akaingia chuo kikuu Dar es Salaam, kitivo cha uhandisi, darasa lenye wavulana zaidi ya mia na wasichana watano.

Huko kila mwisho wa mwaka wanafunzi hupelekwa kwenye mafunzo ya vitendo, wiki nane za kuvaa ovaroli na kuota malengelenge. Mwaka 1996 Kabula aliomba apelekwe kwao, kwenye mradi mdogo wa maji uliokuwa na ofisi mjini Mpanda. Bahati, kama tutaiita bahati, lambo la mwaka huo lilikuwa limepangwa kujengwa Litapunga, kwenye korongo la kwao.

Msimamizi wake alikuwa Kalisti, fundi mzee aliyejenga malambo kabla Kabula hajajua kusoma, mtu asiyependa maneno mengi. Siku ya kwanza alitembea kutoka ukingo hadi ukingo akipiga vigingi pale ambapo tuta lingepita. Alipofika ukingo wa kushoto alisimama mbele ya kichuguu cha akina Makoye akakipiga teke.

"Hiki king'olewe chote, mpaka mizizi," alisema. "Juu ni udongo mzuri, tutautumia. Tumboni ni matundu matupu. Maji yakiyajua matundu hayo, hatuna tuta."

Kabula aliandika kwenye daftari lake. Profesa wao alikuwa amesema vilevile, karibu kwa maneno yaleyale.

Kazi ikaanza, nayo ilikuwa ya kupendeza. Mradi haukuwa na mashine ya kushindilia udongo, kwa hiyo Makoye na wafugaji wenzake walitoa ng'ombe wao. Watu wa Katumba, wakimbizi wa zamani kutoka Burundi waliokuwa wakilima mpakani nao, walileta majembe na matoroli. Udongo ulimwagwa tabaka jembamba, ukanyunyiziwa maji, kisha ng'ombe mia tatu wakapitishwa juu yake, kwenda na kurudi, vijana wakiimba na kupiga miluzi. Kwato zilishindilia ardhi hata jembe likadunda. Kabula alitembea nyuma ya ng'ombe na daftari lake, mavi mpaka kwenye vifundo vya miguu, akiwa na furaha ambayo hajaipata tena.

Wiki ya nne kisima cha Mishamo kiliporomoka na Kalisti akaitwa huko. Alikaa siku tisa. Siku ya tatu tuta lilifika kwenye kichuguu.

Vijana walikuwa wameshanyanyua sululu Makoye alipokuja. Hakupiga kelele. Alisimama kati yao na kichuguu, mikono nyuma, akamtazama binti yake.

"Mayu, hapa mama analala."

"Najua, baba. Lakini fundi amesema kitoke na mizizi yake. Ndani kuna matundu."

"Fundi hajui nani yuko chini. Wewe unajua." Akafikiri kidogo. "Kunyoa nakubali. Kinyoeni, mchukue udongo, mpitishe tuta juu. Kung'oa hapana. Mama atayashika hayo maji kwa mikono yake."

Watu wote walikuwa wakimwangalia yeye, msomi. Ng'ombe wa majirani walikuwa wameahidiwa wiki ile tu, kabla ya kuhamishiwa malisho ya mbali. Angeweza kusema kazi isimame mpaka Kalisti arudi. Alifungua kinywa ili aseme hivyo, akamwona baba yake akikiegemea kichuguu kwa mgongo, akakifunga. Ni nani angemwamuru mtu mbele ya kijiji amfukue mama yake? Kabula aliitikia kwa kichwa. Kichuguu kikanyolewa, udongo ukamwagwa, ng'ombe wakapita. Tuta lilipomalizika, Makoye aliweka mawe matatu meupe juu yake, palepale palipokuwa na kichuguu, na kila lilipomfika jambo zito alikwenda hapo na unga na pombe kidogo kuzungumza na wazee wake.

Kalisti aliporudi aliliona tuta limenyooka, zuri kama mstari wa rula. Alisimama ukingo wa kushoto akauliza neno moja.

"Mliking'oa?"

"Tulking'oa," alisema Kabula haraka mno hata ulimi ukamteleza, akarudia vizuri. "Tulikiondoa chote."

Kalisti akatikisa kichwa kwa kuridhika, maana hakuwa na sababu ya kutomwamini. Kwenye ripoti ya mafunzo Kabula aliandika kwamba vichuguu vyote vilivyokuwa kwenye njia ya tuta viliondolewa hadi kwenye mizizi. Ilikuwa sentensi moja kati ya kurasa arobaini, na profesa alimpa alama za juu.

Mvua zilikuja, lambo likajaa, tuta likasimama. Mwaka mzima hakuna kilichotokea, na kutotokea kwa jambo ndiko kulikomharibu Kabula. Alianza kujiambia kwamba pengine Kalisti na profesa ni waoga. Pengine kwato za ng'ombe mia tatu zinaziba matundu yote. Akafika mwaka wa mwisho akiwa amejisamehe, na mradi wake wa kuhitimu akauandika kuhusu lambo lilelile: jinsi kijiji kilivyoweza kujenga tuta imara kwa kwato za ng'ombe wake.

Mwezi Novemba 1997 kitivo kiliandaa siku ya wanafunzi na waajiri. Kampuni zilileta mabango na kalamu za bure, wanafunzi wakaazimana tai. Kazi tatu bora za mwaka wa mwisho zilichaguliwa zisomwe mbele ya wageni, na moja ilikuwa ya Kabula. Kila mtu alijua maana yake. Anayesoma vizuri siku ile huondoka na ajira, na kampuni moja ya kujenga mabwawa ilikuwa imeshauliza huyo msichana wa ng'ombe ni nani.

Siku mbili kabla ya hapo, Jumatano, alipata barua kutoka kwa mdogo wake Nyamizi. Aliisoma akiwa amesimama kwenye ngazi za bweni.

Nyamizi aliandika kwamba nyumbani ni wazima, kwamba mama yao, Ng'washi, amehamishia jiko jipya bondeni chini ya tuta ili awe karibu na bustani. Bustani gani? Nyamizi alieleza. Chini ya tuta, upande wa kaburi la bibi, majani hayakukauka kiangazi chote. Palichuruzika maji kidogo. Mama akapanda mchicha na nyanya, na jirani wawili nao wamejenga hapo. Baba anafurahi sana, anasema bibi ametukumbuka. Mwisho kabisa, kama mtu anayejazia karatasi, aliongeza: "Maji yenyewe yalikuwa meupe, siku hizi yanatoka mekundu kama udongo, tunayaacha yatulie kwanza ndiyo tunayateka."

Kabula alikaa chini palepale kwenye ngazi. Maji meupe yakivuja kwenye tuta, mtu anaweza kulala. Yakitoka mekundu, maana yake yanabeba udongo wa ndani, punje kwa punje, na tundu linapanuka kila saa. Hilo lilikuwa somo la mwaka wa pili, nao mtihani wake aliufaulu vizuri.

Chumbani alikuwa akiishi na Dafrosa, msichana wa Sumbawanga aliyesomea umeme. Dafrosa alipomwuliza kulikoni, Kabula alisema nyumbani wanamsalimu. Akaikunja barua, akaiweka mfukoni. Angeweza kupiga telegramu Jumatano ileile. Lakini angepiga telegramu kwamba tuta linavuja, halafu Ijumaa asimame mbele ya waajiri aseme tuta ni imara? Alijipa moyo kwamba mvua za Mpanda hazijakolea, kwamba lambo bado liko nusu, kwamba siku mbili si kitu. Mimi sitamtetea. Usiku ule na uliofuata hakupata usingizi, na mtu anayeamini anachojiambia hulala.

Ijumaa asubuhi magazeti yaliandika kwamba mvua kubwa zinanyesha nchi nzima na kwamba magharibi reli imeanza kufunikwa na maji. Kabula aliliona gazeti mikononi mwa mgeni mmoja, safu ya mbele, wakati yeye akipanda jukwaani. Alisoma kazi yake kwa sauti iliyotulia. Alionyesha picha za ng'ombe wakipita juu ya tuta na ukumbi ukacheka kwa furaha. Alipomaliza, mzee mmoja mwenye mvi, aliyetoka kwenye ile kampuni ya mabwawa, alisimama.

"Binti, hongera. Mimi nimefanya kazi huko kwenu. Ile ni nchi ya vichuguu. Vya kwako ulivifanyaje?"

Barua ilikuwa mfukoni, imemgusa paja. Kabula anasema hata leo anaikumbuka ile sekunde kuliko siku ya kuzaliwa kwa mtu yeyote anayempenda. Hapakuwa na mtu aliyemshika koo. Mzee alikuwa ameuliza kwa upole tu.

"Viling'olewa vyote, mzee. Hadi mizizi."

Ukumbi ukapiga makofi. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa na bahasha ya ile kampuni mkononi: akimaliza mitihani, aripoti kazini.

Hakula. Alimshika Dafrosa mkono wakaenda posta karibu wakikimbia, na njiani akamweleza kuhusu maji mekundu, lakini si kuhusu mizizi. Kwenye fomu ya telegramu aliandika jina la Kalisti, ofisi ya mradi wa maji, Mpanda. Kisha: WATU WAHAME CHINI YA LAMBO LITAPUNGA LEO LEO. TUTA LINAVUJA TOPE. KICHUGUU KIPO.

Aliyatazama maneno mawili ya mwisho. Aliiona telegramu ikisomwa mbele ya kijiji, maana huko telegramu haisomwi faraghani. Alimwona baba yake akiulizwa kichuguu gani, na nani alikizuia kisitoke. Alimwona Kalisti, aliyemwamini. Na bahasha ya waajiri ilikuwa bado haijafunguka vizuri. Watu wakihama, si inatosha? Akayakata maneno yale mawili kwa kalamu.

"Umefuta nini?" Dafrosa aliuliza.

"Si muhimu. Wanachotakiwa ni kuhama."

Jioni ileile alipanda treni. Ilisimama Morogoro, ikasimama Dodoma, ikalala Tabora. Kaliua waliambiwa reli ya Mpanda iko chini ya maji, wakangoja siku mbili, mvua ikipiga mabati ya stesheni bila kupumzika. Wasafiri wenzake walikaanga karanga na kusimuliana. Kabula alijilaza kwenye benchi. Kila alipofumba macho aliona maji mekundu yakitoka chini ya nyanya za mama yake, na alichoweza kumwomba Mungu kilikuwa kimoja tu, Kalisti awe hajasafiri.

Kalisti hakuwa amesafiri. Kabula alishuka Mpanda siku ya Alhamisi, akapata lifti kwenye trekta ya watu wa tumbaku, na alipofika Litapunga watu walimkimbilia. Wanawake walimwinulia mikono, wakambebea begi, wakamkalisha kwenye mkeka. Mwanamke mmoja asiyemjua alimwekea mtoto mchanga mapajani, akamwambia huyu alikuwa analala bondeni, sasa ni wa kwako. Walikuwa wote pale shuleni, juu mlimani, familia zote zilizokuwa chini ya tuta. Kalisti alikuwa ameipata telegramu Jumamosi adhuhuri, akaja na baiskeli kwenye mvua, akaisoma mbele ya watu wote, na kabla giza halijaingia bonde lilikuwa tupu, mpaka kuku. Jumapili alfajiri tuta lilipasuka.

"Amewaokoa akiwa Dar es Salaam," walikuwa wakiambiana. "Ameliona lambo kutoka kule!" Lililobaki walimwachia mama yake aliseme.

Kabula alitafuta kwa macho. Nyamizi alikuwa amesimama nyuma ya watu, amejifunga kanga kichwani kama waombolezaji wanavyojifunga, na hakuwa akimkimbilia.

Mama yake alitoka darasani na kukaa mbele yake kwenye mkeka.

"Mwangaluka, mayu," Kabula alimsalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mwanangu." Ng'washi alikuwa ameshalia mpaka macho yamekauka, akaeleza polepole. "Telegramu iliposomwa, baba yako alihama na sisi. Alibeba mtungi mwenyewe. Alilala hapa, kwenye darasa hili. Kulipoanza kupambazuka akachukua unga. Nikamwuliza unakwenda wapi na mvua hii? Akasema mayu amesema lambo linaumwa, nami sijawaambia wazee. Akaenda kwenye mawe yake. Kalisti alikuwa amewatuma vijana upande wa kulia, kupanua njia ya maji ya ziada, akawakataza wasikanyage katikati ya tuta. Upande wa kushoto hakuna aliyemkataza mtu. Bustani ilishafunikwa na maji ya mvua. Nani angejua?"

Tuta lilikuwa limefunguka kushoto, chini ya yale mawe matatu. Makoye alikutwa karibu na mashamba ya Katumba, na walikuwa wamemzika Jumatatu, palepale mlimani.

Baadaye, mvua ilipopungua, Kalisti alimwongoza Kabula mpaka kwenye mpasuko. Ng'washi alifuata nyuma yao, akiegemea fimbo ya mumewe. Ukuta wa udongo ulikuwa umesimama wazi kama mkate uliokatwa. Juu palionekana tabaka za kwato, moja juu ya nyingine, ngumu, bila ufa. Chini yake palikuwa na tumbo la kichuguu, rangi nyingine kabisa, limejaa matundu, mengine ya kupitisha kidole, mengine ya kupitisha mkono. Mchwa walikuwa wameshaanza kuyaziba upya.

Kalisti aliingiza mkono kwenye tundu moja, akautoa. Kisha akauliza bila hasira, kama alivyouliza mara ya kwanza.

"Mliking'oa?"

Kabula alikuwa na bahasha ya kazi begini na kijiji kizima kikimsifu kule juu. Mzee huyu asingemsema popote, na alilijua hilo.

"Hapana," alisema. "Tulikinyoa. Nilikudanganya. Na kwenye telegramu nililiandika hilo neno, kwamba kichuguu kipo, nikalikata."

Kalisti alivua kofia yake, akaondoka, akapanda mlima. Ng'washi alibaki.

"Ulilikata kwa nini?"

"Niliogopa watamsema baba hadharani, mayu. Niliogopa ataaibika." Akaongeza, maana huo haukuwa ukweli wote. "Na mimi niliogopa kuaibika."

Mama yake aliyageukia yale matundu. Alichukua unga kidogo uliokuwa kwenye upindo wa kanga yake, akauangalia, akaurudisha.

"Angeaibika," alisema. "Tungekaa naye nyumbani, ameaibika."

Akashika fimbo yake akaanza kupanda, na Kabula akamfuata kwa nyuma, mbali kidogo.